Hesabu Mpaka Uzime

4 Februari

Mwanangu Kasuku,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimeisha? Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na huo nimeshauzoea kama mpangaji asiyehama.

Umelalamika kwamba sipokei simu. Ni kweli, na usinune. Simu yangu inakwaruza siku hizi, mtu akiongea nasikia kama anatafuna kitu kikavu. Ndiyo maana nakuandikia humo humo kwenye simu. Tuandikiane kama watu wazima, na wewe na huo mdomo wako uliokupa jina la Kasuku utajifunza kutulia.

Sasa kaa chini nikupe habari. Nina gitaa. Usicheke! Lilikuwa limetundikwa ukutani kwa Mchwa, yule mwenzangu anayeendesha msumeno mkubwa pale kiwandani, tuliyempa jina hilo kwa sababu hakuna gogo aliloliacha zima. Kasema chukua, linanilia nafasi tu.

Utaniuliza nani ananifundisha. Kuna wanamuziki, watu wa kazi hasa, waliopiga majukwaani maisha yao yote, wamejirekodi wakifundisha na kuziweka video mtandaoni bure kabisa. Unabonyeza tu. Yupo mmoja anavaa kofia hata akiwa sebuleni kwake, namwita Mwalimu Kofia. Yupo na dada mmoja wa nywele fupi, mkali kama mama yako mdogo, lakini huyo anaanzia somo la kumi na tano na mimi bado ni mtoto wa somo la nne.

Somo la nne ndilo hili: bonyeza ule uzi mwembamba kuliko wote, upige mara moja, halafu hesabu mpaka uzime. Kidole kikikaa sawa, unalia kwa muda mrefu. Mwalimu Kofia amefika kumi na moja. Mimi sita. Nadhani ni nyuzi, zimechakaa.

Na sababu ya yote haya nikuambie, maana najua utaitafuta. Mama yako alikuwa na wimbo wake. Haukuwa na maneno. Alikuwa akikusuka nywele, mdomo kaufunga, mmm-mmm mpaka kichwa kiishe. Hakuna aliyeurekodi. Wewe ulikuwa na miaka minne tu alipotutoka. Wimbo umebaki kwangu peke yangu, na sauti yangu unaijua, ni msumeno uliokutana na msumari. Basi nimesema nitautoa kwa vidole.

Nakuwekea hapa rekodi ya mazoezi yangu. Sikiliza, lakini usimsikilizishe mtu.

Ni mimi baba yako.


9 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha, na kazi ya kupiga pasi shuka za hoteli inaendelea. Mvuke asubuhi, mvuke jioni. Shangazi anakusalimu. Siyo shangazi wa damu, ni yule mama tunayeshika naye shuka, mimi ncha hii yeye ncha ile.

Gitaa! Baba, nilicheka mpaka Shangazi akadhani nimeungua. Halafu nikafika pale kwenye wimbo wa mama na kicheko kikaisha. Siukumbuki. Nimejaribu sana. Nakumbuka goti lake, na kitana, na kwamba alinivuta nywele. Sauti hakuna. Naona aibu kukuandikia hivyo.

Nimesikiliza rekodi yako. Ina dakika nne. Dakika ya kwanza unapiga na kuhesabu. Ya pili unaanza kutafutatafuta. Na hapo, Baba, birika lako la filimbi linaanza kulia. Nikasema sasa hivi atainuka. Hukuinuka. Limelia dakika mbili nzima, linapiga kelele kama linachinjwa, nimeshindwa hata kusikia gitaa. Mwisho unasema kwa raha zako, "Leo kumetulia kweli."

Kumetulia wapi, Baba?

Niambie ulikuwa chumba kingine. Niambie simu yako ndiyo mbovu. Nimeamka na hilo birika kichwani siku tatu mfululizo.

Mwanao.


15 Februari

Kasuku,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima wa afya, na wewe nakuombea hivyo hivyo.

Birika limefariki kishujaa, kitako kimekuwa cheusi, nimelizika jalalani kwa heshima zote. Mtu akizama kwenye jambo hasikii. Wewe mwenyewe ukiwa mdogo nilikuwa nakuita mara kumi ukiwa kwenye katuni. Mbona sikukupeleka hospitali?

Nimebadilisha nyuzi. Muuzaji kaniapia kwamba hizi ndizo wanazotumia watu wa majukwaani. Mwongo mkubwa. Uzi mwembamba sasa unazima nikifika nne. Mchwa ananiambia labda mbao yenyewe ya gitaa imelika kwa ndani, na huyo kwa mambo ya kula mbao hana mpinzani.

Lakini vidole vinakuja. Ncha zimekuwa ngumu, nikigusa meza zinalia ko-ko. Mwanzo wa ule wimbo ninao, kama sauti tano hivi. Mwisho ninao pia. Katikati ndipo panaponitoroka. Naushika asubuhi nikinawa uso, nikifika kwenye gitaa haupo.

Na usianze kuniuliza kuhusu kazini. Nakujua.

Baba yako.


18 Februari

Baba, shikamoo.

Leo sina mzaha. Nitauliza kuhusu kazini.

Nilipokuwa mdogo ulinichorea kwa mkaa sakafuni nielewe kazi yako. Mkanda mrefu unabeba magogo kuyapeleka kwenye msumeno. Chini ya mkanda panajaa maganda na vumbi la mbao. Wanauzima, wewe unaingia chini na beleshi, unachota. Kabla hawajauwasha wanapiga king'ora mara tatu, na wewe unatoka. Ukanichorea na wewe mwenyewe unatoka, na kichwa kikubwa, nikacheka. Sasa hivi sicheki.

Nimeitafuta video ya somo la nne nikaitazama. Mwalimu Kofia kweli anafika kumi na moja. Halafu nikarudi kwenye rekodi yako, pale mwanzo, kabla ya birika. Unapiga uzi mwembamba, unahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka sita. Unasema, "Basi, umezima."

Haukuzima, Baba. Nimehesabu nikitazama saa ya ukutani hapa kazini, mara tatu, nisije nikakusingizia. Ulilia mpaka kumi. Nyuzi zako zilikuwa nzima. Gitaa lako zima. Na sasa unaniambia umefika nne na umelaumu muuzaji.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo, naogopa. King'ora kile ni chembamba kama filimbi ya birika, nakikumbuka, kilikuwa kikinitoboa masikio nikikuletea chakula. Wewe unakisikia? Nijibu hilo tu. Usinijibu kuhusu katuni.

Hata Shangazi ameona. Kaniuliza, "Leo huimbi zile mmm-mmm zako, umefiwa?" Nikamwambia sina usingizi.

Mwanao anayesubiri.


2 Machi

Mwanangu,

Najua umehesabu siku. Nimeanza barua hii mara nne nikaifuta.

Sikisikii.

Haya, nimeandika, na paa halijaanguka. Ni mwaka wa pili sasa. Walianza kuondoka ndege. Nikadhani wamehama kwa sababu ya moshi. Ikafuata kengele ya mlango, simu, halafu sauti za wanawake na watoto. Wanaume bado nawasikia kidogo, kama watu wanaoongea nyuma ya ukuta. Ndiyo maana sikupokea simu zako, Kasuku. Siyo simu inayokwaruza. Sauti yako ndiyo iliyokuwa inaondoka, na mimi sikutaka kuwa pale ikiishia.

Utasema nilikuwa nadanganya kuhusu nyuzi. Kwa kweli sikuwa nadanganya. Nilitaka sana ziwe nyuzi. Nimebadilisha mara tatu, ile ya tatu hata sikukuambia. Mtu mzima na akili zake analaumu waya.

Na zile video, unajua kwa nini nilizipenda? Zina maneno yaliyoandikwa chini ya picha. Mwalimu Kofia anasema, mimi nasoma. Anaonyesha kidole, mimi naweka kidole. Kukaza nyuzi natumia simu, mshale ukigeuka kijani najua zipo sawa. Mwalimu wa kweli angenigundua siku ya kwanza. Hawa wa mtandaoni hawanioni.

Kuhusu king'ora: Mchwa anajua. Yeye peke yake. Kabla hajapiga king'ora anachukua spana na kugonga nguzo ya chuma mara mbili, kwa nguvu, mimi nikiwa chini naupata mtikisiko kwenye miguu na natoka. Mwaka mzima tumefanya hivyo na sijachubuka hata ukucha. Kwa hiyo usiogope bure.

Ila na mimi naogopa, acha nikuambie kwa vile leo ni siku ya kusema. Siyo mkanda. Naogopa kwamba huku nje kukiwa kimya kabisa, na ndani nako kutanyamaza. Ule wimbo wa mama yako naona unapungua. Katikati pameshakuwa na shimo. Sauti yake ya kuongea ilishanipotea zamani, sikuwahi kumwambia mtu. Huu wimbo ndio uliobaki.

Nakuomba kitu kimoja. Nipe mpaka nimalize masomo haya, niutoe wimbo mzima, nikutumie. Siku hiyo hiyo nakwenda hospitali mwenyewe na nawaambia kiwandani mwenyewe. Nikiwaambia sasa watanikalisha nyumbani nitazame ukuta, na nikitazama ukuta nitausahau wote. Niahidi hutamwambia mtu.

Baba yako.


6 Machi

Baba yangu, shikamoo.

Nimeisoma chooni kazini. Machozi na mvuke ni rahisi kuvichanganya, lakini Shangazi hadanganyiki.

Naahidi. Nimekubali na hapo hapo nimejuta. Nina masharti na uyasome vizuri kama unavyosoma ya Mwalimu Kofia. Moja, Mchwa asipokuwepo, huingii chini ya mkanda. Hata dakika moja. Pili, unaniandikia kila wiki, hata neno moja. Nimeomba likizo, wamesema mpaka Mei, wageni ni wengi. Nikasema nina baba. Msimamizi wangu akasema kila mtu ana baba.

Vuta miguu yako uikanyage hiyo sakafu vizuri. Unasikia? Samahani. Nimeandika tu.

Mwanao.


15 Machi

Kasuku wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, vidole ndivyo vinavuja damu kidogo, dada mkali anasema ni dalili nzuri. Ndiyo, nimefika kwa dada mkali! Somo la kumi na tano. Anachezesha vidole kama anachambua mchele, mimi naona vumbi tu.

Uzi mwembamba nimefika mbili. Lakini sihesabu tena sana, natazama. Uzi ukilia unaonekana mnene, ukizima unaonekana mwembamba. Macho yanafanya kazi ya masikio bila malipo.

Mchwa amelazwa, ngiri imemkaba, walimbeba Jumanne. Watamkata na atakaa kama mwezi hivi. Usishtuke, nimeona jicho lako limetoka. Wametuletea mama mmoja kutoka kiwanda cha pili, tunamwita Mama Miwani, mtaratibu kuliko Mchwa mara mia. Kila kitu kwa kanuni. Anapiga king'ora mara tatu, anahesabu mpaka kumi, ndipo anawasha. Mimi nikiona amenyoosha mkono kwenye ubao wa swichi, natoka. Kuna tundu pale chini ambalo naweza kuuona mkono wake, nikijipanga vizuri.

Sikumwambia. Mtu mgeni, ataona nimemtwisha mzigo. Na kusema kweli ningemwambia nini, ni mwezi mmoja tu na nimebakiza katikati ya wimbo. Jana niliupata nikiwa chini ya mkanda, sauti mbili za katikati, zikaja zenyewe. Nilifurahi nikasahau kuchota.

Usiku mwema, au mchana mwema, vyovyote utakavyoisoma.

Baba yako.


16 Machi

Baba,

Sikusalimii leo, utanisamehe.

Nimevunja ahadi. Barua yako nimeisoma asubuhi hii nikiwa nimeshika ncha ya shuka, nikaiachia, shuka ikaenda yote kwa Shangazi. Tundu, Baba! Unaangalia mkono wa mtu kwenye tundu, huku unatafuta wimbo kichwani!

Nimepiga kiwandani kwenu, nikampata msimamizi wenu. Nikamwambia baba yangu hasikii king'ora, yupo wapi sasa hivi. Akasema, "Subiri." Hakukata simu. Nilisikia viatu vyake vinatembea, halafu vinakimbia. Halafu nikasikia king'ora.

Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Halafu simu ikakatika.

Nimepiga tena mara kumi na saba. Haipokelewi. Niandikie. Nitukane, nilaani, niite jina lolote, lakini niandikie.

Mwanao.


27 Machi

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Nimeandika maneno hayo maisha yangu yote bila kuyafikiria.

Msimamizi wenu alipokea simu siku ya pili. Akasema neno moja, "Tumeshughulikia," na kelele zikammeza. Tumeshughulikia ndiyo nini? Hata maiti hushughulikiwa. Nimempigia Mchwa, simu imezimwa.

Hapa kazini nimeunguza foronya nne. Shangazi ameniondoa kwenye mashine ya pasi, ananipa soksi na taulo kama mgonjwa. Simu nailaza kifuani nijue ikitikisika.

Andika hata nukta.

Mwanao.


9 Aprili

Baba, shikamoo.

Mchwa ametoka hospitali. Ameniandikia maneno machache: "Yupo hai. Mzima. Hataki kusema na mtu, gitaa amelirudisha kwangu."

Nilimwonyesha Shangazi naye asome.

Basi. Umenuna, una haki ya kununa. Nuna mpaka uchoke, lakini nuna ukiwa hai. Wimbo ukipotea, Baba, nimeupoteza mimi, na nitakaa nalo. Nilichagua. Ningechagua hivyo tena leo.

Nakuja tarehe tatu Mei, upende usipende.

Mwanao.


25 Aprili

Kasuku wangu,

Hujambo? Marahaba kwa zote ulizonisalimia nikanyamaza. Mimi ni mzima. Neno hilo nimeliandika sasa hivi nikalitazama kwa muda.

Nilikukasirikia sana. Siku ile niliona miguu ya msimamizi, nikavutwa mkono kutoka chini ya mkanda kama gunia, mbele ya watu wote. Ofisini wakaniandikia kwenye karatasi: BINTI YAKO AMETUAMBIA. Wakanipeleka getini, kazi yangu sasa ni kuandika namba za malori. Nikasema mtoto wangu ameniuza. Nikarudisha gitaa. Nikakaa nikitazama ukuta, kama nilivyokuambia, na wimbo ukaanza kwenda, kama nilivyokuambia. Nilitaka kukuandikia kwamba umeona sasa.

Jumatatu Mama Miwani amekuja nyumbani. Kaja na kipande cha ubao na chaki, maana alisikia kwamba nasoma vizuri kuliko ninavyosikia. Akakaa kwenye kiti, akaandika, akanigeuzia. Kwanza akaandika: SIKU ILE NILIPIGA MARA TATU.

Nikamwambia najua, ndiyo kanuni.

Akafuta kwa kiganja. Akaandika: NILIHESABU MPAKA KUMI. Akafuta. Akakandamiza mpaka chaki ikavunjika. Akaandika na kile kipande kilichobaki: MKONO WANGU ULIKUWA KWENYE SWICHI. MSIMAMIZI AKANIDAKA KIFUNDO CHA MKONO. Simu yake ikaanguka, ndiyo maana ikakukatikia.

Hakuna aliyeniambia hilo, mwanangu. Wiki tano nimekuwa nikidhani nimeondolewa pale kwa sababu ya masikio tu. Yule mama wiki tano hajalala, anaendesha msumeno huku anaona kichwa changu. Na mimi kule chini nilikuwa kwenye kimya kizuri. Sikuwa nautazama hata mkono wake kwenye tundu. Nilikuwa naitafuta sauti ya tatu ya katikati.

Alipoondoka nilitetemeka mpaka jioni. Kiti kilikuwa kinagonga sakafu, nikausikia mtikisiko kwenye miguu nikadhani ni Mchwa na spana yake.

Asubuhi yake nilikwenda hospitali. Daktari kijana lakini mpole, anaandika herufi kubwa. Kilichoondoka kimeondoka, kilichobaki kilindwe, na kuna kifaa cha kuweka sikioni, tutajaribu. Kutoka pale nikapitia kwa Mchwa, nikachukua gitaa.

Nikarudi kwa dada mkali, somo la kumi na tano. Mwanzoni niliruka sehemu moja nikidhani ni porojo. Anasimulia, maneno yanapita chini, kwamba kwenye majukwaa ngoma zilikuwa zikimzidi hajisikii mwenyewe. Basi alikuwa anainama, anaweka taya juu ya ubao wa gitaa, anajisikia kwa mfupa. Anacheka anasema watu walidhani ni madoido.

Nikaweka taya. Nikapiga uzi mwembamba. Kasuku, sijui niite kusikia au kuhisi, tofauti yake siijui tena. Ulikuwepo. Kwenye meno, kwenye shavu, mpaka nyuma ya jicho. Nilihesabu mpaka saba, mate yanachuruzika kwenye mbao, mzee mzima.

Na katikati ya wimbo pakaja. Kwa taya. Sauti kwa sauti, kama mama yako ndiye anayenisuka mimi.

Nimekurekodia, ipo hapa. Lakini hofu yangu sasa ni moja, nayo ni kubwa kuliko ile ya mkanda. Sijui kama ndio wenyewe. Inawezekana nimeutunga mwenyewe kwa uzee. Hakuna wa kumuuliza. Wewe ulikuwa na miaka minne na umesema huukumbuki. Sikiliza tu, na usinidanganye ili kunifurahisha. Mambo ya kudanganyana tumeyamaliza.

Nisamehe kwa zile wiki tano.

Baba yako.


27 Aprili

Shikamoo Baba yangu,

Nimefika kazini mapema nikakaa na barua yako kwenye vikapu vya shuka chafu mpaka Shangazi alipofika. Nilikisikia kile king'ora cha tatu kila siku tangu siku ile. Leo ndiyo siku ya kwanza nimekisikia kikiisha.

Sikutaka kuusikiliza wimbo peke yangu. Niliogopa. Kama nisingeuelewa ningekuandikia nini, na umesema nisikudanganye? Nikaweka simu juu ya meza ya kukunjia, nikaongeza sauti, nikamshikisha Shangazi ncha yake ya shuka, nikabonyeza.

Unakwaruza kidogo mwanzoni. Halafu ukaingia. Mimi nikasubiri nikumbuke, kichwa kitupu, goti na kitana tu. Nikasema basi, siujui, nitamwambiaje.

Shangazi hakuinua hata kichwa. Tulikuwa tumefika mkunjo wa pili. Akasema, "Nani huyo anapiga ile mmm-mmm yako?"

Nikamwuliza ipi.

Akasema, "Hiyo hiyo. Miaka sita unaniimbia mdomo umeufunga, shuka mpaka shuka. Miezi miwili sasa umeacha, nikasema huyu kafiwa." Halafu akaendelea nayo mwenyewe, Baba, akaipita ile katikati yako, sauti kwa sauti, akafika mwisho kabla ya gitaa.

Shuka imeanguka sakafuni, tutaifua upya.

Nakuja tarehe tatu. Usije kituoni, nitabisha hodi kwa kugonga mlango kwa mguu, uupate kwenye sakafu. Nitaweka taya upande mmoja wa hilo gitaa na wewe upande mwingine.

Na ule uzi mwembamba wa mwisho kabisa, pale wewe ulipoacha kupiga ukidhani umezima, nimekuhesabia. Ulifika kumi na moja.

Kasuku wako.